Gari la Baba, Injini ya Toyota

Kuna watu Nairobi ambao ukiwaambia umetoa injini ya Peugeot 504 ukaweka ya Toyota, wanakuangalia kama umeuza shamba lenye kaburi la babu. Wengine watakuuliza kitu kimoja tu: sasa inakula mafuta kiasi gani? Nimekaa na makundi yote mawili, na nimekuja kuona kwamba hawabishani kabisa. Hawa wanazungumzia deni, wale wanazungumzia safari.

Tuelewane kwanza kuhusu gari lenyewe. 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na 1969 ikatajwa kuwa gari la mwaka Ulaya. Wafaransa waliacha kuunda sedani yake 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuunganisha 504 miaka mingi baada ya hapo, maana barabara zetu zilikuwa bado zinaihitaji. Ndiyo iliyobeba abiria wa Nairobi na Nakuru, wale wa kiti cha nyuma kabisa wakiwa wamekunja magoti hadi kidevuni. Ndiyo Ove Andersson aliyoshinda nayo Safari Rally 1975. Itaje mbele ya mzee yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara akila vumbi la Safari, halafu ujaribu kuondoka haraka.

Shida ni kwamba sifa haziwashi gari. Spea halisi zimeadimika, na fundi aliyeweza kujua ugonjwa wa kabureta kwa kusikiliza tu amezeeka au amerudi ushago. Wakati huohuo, ukishuka Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado tunaiita Grogan, injini za Kijapani zimepangwa sakafuni kama viazi sokoni. Unachagua, unalipa, unatafuta mkokoteni.

Isipokuwa injini haichomekwi kama balbu. Mauntingi hazilingani. Giaboksi ya zamani haikubali injini mpya, kwa hivyo nayo inatoka, propela shafti inakuwa fupi au ndefu, radieta haitoshi, nyaya zinaanza upya. Uzito wa mbele ukibadilika, springi zinalalamika. Na ukiongeza nguvu bila kugusa breki, umeacha falsafa na kuingia kwenye hatari ya kuua mtoto wa mtu anayevuka barabara. Hilo kwangu halina mjadala, na nashangaa jinsi wasee wa mtandaoni wanavyoweza kuzozana wiki nzima kuhusu roho ya gari bila mtu kutaja breki.

Lakini roho ya gari, basi. Swali ni la kale. Plutarch aliandika kuhusu meli ya Theseus, iliyobadilishwa mbao moja baada ya nyingine hadi wanafalsafa wa Athens wakashindwa kukubaliana kama bado ni meli ileile. Karne nyingi baadaye Thomas Hobbes akaongeza uchokozi: je, mtu akiziokota zile mbao kuukuu zote na kuunda meli nyingine, ipi ndiyo ya Theseus?

Mimi napendelea kesi iliyofika kortini kweli. Kuna Bentley inayoitwa Old Number One, iliyoshinda mbio za Le Mans 1929 na tena 1930. Mwaka 1932 ilikuwa imewekewa injini kubwa zaidi, ya lita 8, na katika hali hiyo ikamuua dereva wake, Clive Dunfee, kwenye uwanja wa Brooklands. Ikaundwa upya tena. Mwaka 1990 mnunuzi alikubali kulipa pauni milioni 10 kwa gari hilo, halafu akarudi nyuma akisema si lile lenyewe. Jaji wa Mahakama Kuu ya Uingereza akachunguza chuma kwa chuma. Cha ile ya 1929 hakikuwa kimebaki kitu cha maana. Cha ile ya 1930 vilibaki vipande vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hata hivyo akaamua kwamba hili ndilo Old Number One, kwa sababu halikuwahi kufa likazaliwa jingine. Lilibadilishwa likiwa linaishi.

Huo uamuzi naukubali. Na kwa wale wanaosema 504 bila injini yake si 504, nawakumbusha kwamba Peugeot wenyewe ndio walioanza. Ile 504 Coupé iliyomshindia Jean-Pierre Nicolas Safari ya 1978 ilikuwa na V6 iliyobuniwa na Peugeot pamoja na Renault na Volvo. Hakuna aliyesimama kando ya barabara akalia kwamba kuna Msweden ndani ya boneti.

Nyumbani kwetu, hata hivyo, swali hili halikuja kama falsafa. Baba alituachia 504 steshen wageni, na miezi michache baada ya mazishi silinda hedi ikapasuka. Ikakaa uani miaka miwili, kuku wakitaga chini yake. Kaka yangu, anayeishi pale Njoro na mama, alitaka kuweka dizeli ya Toyota ili gari limpeleke mama kliniki na kubeba mahindi. Dada yetu wa Nairobi akasema hapana, gari ya mzee haiguswi; tuchange, tungoje, tutafute hedi halisi hata kama itatoka nje. Simu zilipigwa. Maneno yalisemwa kwenye grupu ya familia ambayo hayajafutika mpaka leo.

Mama alisikiliza yote kisha akauliza, “Nyinyi mnataka gari ama mnataka picha?”

Hapo ndipo nilipoegemea upande wa kaka, na bado niko huko. Nimeona kwamba anayedai uhalisi mara nyingi si yeye anayesubiri matatu na goti bovu saa kumi na mbili asubuhi. Ni rahisi kuheshimu kitu ambacho hukihitaji. Magari yanayong'arishwa kwa ajili ya Concours pale Ngong Racecourse ni mazuri ajabu, na nafurahi yapo, lakini wengi wa wenye nayo wana gari jingine la kwenda kununua maziwa.

Dada naye ana jambo lake ambalo sijaweza kulijibu vizuri. Zamani mama alikuwa akisikia ile injini pale kona ya posho mill, anaweka sufuria ya ugali motoni. Mzee akifika getini, maji yamechemka. Miaka thelathini hivyo. Sasa kaka akija na dizeli, anapiga honi langoni kama mgeni. Ningeweza kusema sauti ile ilikuwa imenyamaza tangu hedi ilipopasuka, kwamba Toyota haikuiondoa. Ni kweli. Lakini gari bovu linaweza kupona, ndivyo dada anavyosema, na sauti iliyobadilishwa imeondoka.

Kwa hivyo nimeacha kuuliza kama ni gari lilelile. Nauliza kama tumemwachia mwingine nafasi ya kurudi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipotoa msimamo wake kuhusu magari ya zamani yanayowekewa mota za umeme, lilisema hayahesabiki tena kama magari ya kihistoria, lakini likahimiza mabadiliko yawe ya kurudishika na vipuri vya asili vitunzwe. Sehemu ya kwanza siipendi. Ya pili nimeichukua nzima. Bolti unaweza kuifungua kesho. Chuma kilichopitiwa na grinda kimeenda. Fundi wetu alitaka kukata kipande cha chesis ili injini ikae haraka. Tukamwomba atengeneze mabano yanayofungwa kwenye matundu yaliyokuwapo. Ilichukua wiki mbili zaidi, na kaka hakufurahi na ile bili.

Tena kuna ukweli wa maneno. Namba ya injini iko kwenye logbuku, na ukibadilisha injini unatakiwa kuwaarifu NTSA. Wengi wanaona huo ni usumbufu wa serikali tu. Mimi naona ndiyo heshima ndogo kabisa unayoweza kumpa atakayenunua baada yako: ajue anachonunua. Aliyebadilisha injini hajaiba kitu. Anayeibadilisha, akaandika kwenye tangazo kwamba gari ni “original”, huyo ndiye mwizi.

Injini ya zamani iko stoo, juu ya matairi mawili, chini ya turubai. Kaka alitoa plagi akamimina oili kwenye silinda ili pistoni zisikwame. Mnunuzi wa vyuma kuukuu hupita kila Jumamosi na mkokoteni na mizani yake, anaulizia ile chuma nzito ya stoo. Mama humwambia apite wiki ijayo.