Mtu wa Makamo na Mashindano ya Pikipiki

Katika kisiwa kiitwacho Isle of Man yako mashindano ya pikipiki ya watu wasiotafuta ujira, yaliyoanza mwaka 1923. Hukimbia kadiri ya kilometa 60 kwa mzunguko mmoja, katika barabara za kawaida, kati ya nyumba na kuta za mawe. Tangu 1911 njia ile imekwisha kuua watu zaidi ya 250.

Mtu wa makamo akiuanza mchezo huu huchekwa, ati atafuta ujana. Mimi simcheki. Kijana hajui bei ya uhai. Yeye aijua, maana amezika wenzake. Lakini je, uhai huo ni wake peke yake? Mkewe aweza kumruhusu. Mtoto wake mdogo hakuulizwa, wala akiulizwa hajui ajibu nini.