Ngoma ya Watoto Si Upuuzi

Wako wazazi wema, wenye kusali na kutoa zaka, ambao hukunja uso wasikiapo kwamba mtoto wao wa miaka sita anafundishwa ngoma kila Jumamosi katika uwanja wa parokia. Husema: afundishwe kusoma, afundishwe Katekisimu, ama asaidie kazi za nyumbani, ngoma ataijua mwenyewe. Hatupendi kuwadharau wazazi hao, kwani maneno yao yaficha swali zito, nalo ni hili: mwili wa mtoto ni kwa ajili ya nini?

Huku Geita, katika nchi ya dhahabu, swali hilo lina jibu la haraka, nalo ni baya. Mwili wa mtoto ni wa kubebea mizigo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya: watoto washukao mashimoni, wapondao mawe, wachanganyao zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu. Zebaki ichomwapo, mvuke wake huingia mapafuni na kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Mikono hutetemeka, na miguu haitii tena kama ilivyotii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kazi za hatari kwa watoto. Ni sheria njema. Lakini sheria peke yake haimfundishi baba kumtazama mwanawe kwa jicho jingine.

Baba huyo na aende uwanjani Jumamosi moja. Atamwona mtoto yule yule aliyemdhania mzito wa akili akihesabu hatua nne kisha akigeuka na wenzake bila kukosea. Atamwona akisimama kwa mguu mmoja, akitofautisha kushoto na kulia, akinyamaza ili aisikie ngoma, akingoja zamu yake. Na huko kungoja zamu, kila mwalimu wa darasa la kwanza ajua ni kazi ngumu kuliko herufi zote.

Wataalamu nao wameligusa jambo hili. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, huko Kanada, waliandika juu ya watoto wachanga wa miezi 14 waliobebwa na kurushwarushwa taratibu kwa muziki, mbele ya mtu mzima aliyekuwa akicheza. Wale waliokwenda kwa mwendo mmoja na mtu yule walikuwa wepesi zaidi kumwokotea kitu alichokiangusha kuliko wale waliokwenda mbali na mwendo wake. Mama wa Kisukuma, achezaye na mwanawe mgongoni, hatashangaa sana.

Wala si jambo geni kwetu. Bugobogobo, ngoma ya majembe, ilikuwa ngoma ya watu waliolima pamoja, na mdundo ndio uliowashika katika mstari mmoja. Wazee wetu hawakuona kwamba kucheza ni adui wa kazi.

Je, hakuna hatari? Iko. Mashindano ya Bagika na Bagalu yalifuatana na dawa za kuvuta watazamaji na kumshinda mpinzani, na kwa sababu kama hizo wamisionari wengi waliziogopa ngoma zote kwa jumla. Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Mapadre Weupe, hakufuata njia hiyo. Kule Bujora, karibu na Mwanza, tangu miaka ya 1950 alizikaribisha ngoma za Wasukuma katika maisha ya Kanisa, hata sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo ikawa Bulabo, yaani maua, na Bagika na Bagalu wakaja kushindana. Alitenga dawa na ngoma.

Sisi twaiogopa zaidi hatari nyingine, ambayo watu huicheka. Ni pale mtoto wa miaka mitano asukumwapo mbele ya wageni wa arusi akate kiuno kama mtu mzima, huku akituzwa noti na kupigwa picha kwa simu. Mzazi amkatazaye mtoto ngoma ya parokia, kisha akalipigia makofi jambo hilo, atwambie ametumia mizani gani. Pale napo mtoto amebebeshwa mzigo: tamaa ya wakubwa. Daudi alipocheza mbele ya Sanduku la Agano, Mikali alimdharau moyoni. Lakini Daudi hakuwachezea watazamaji, alimchezea Bwana. Hivyo mafunzo ya watoto yawe ya kitoto, mavazi yawe ya heshima, na asiyeweza vizuri asiondolewe mstarini ili kundi lipendeze. Huyo ndiye ayahitajiye kuliko wote.

Na kwa walimu wa Utoto Mtakatifu tuna ombi moja. Andikeni majina. Mtoto akikosa Jumamosi tatu, msingoje ya nne. Nendeni kwao mkaulize yuko wapi. Mkiambiwa yuko machimboni, mwambieni Paroko jioni ile ile. Na yule ajaye lakini mikono yake yatetemeka, ama hatua alizozijua mwezi uliopita zampotea, msimkemee kuwa mvivu. Mpelekeni zahanati, mkamweleze mganga kazi afanyayo baba yake, na mahali zebaki inapochomwa.