Ua Halijui Ua

Maandiko: Yeremia 29:4–7, Mwanzo 2:9, Isaya 58:10–11

 

Leo nataka tuingie bustanini. Usiulize, "Mchungaji, bustani gani kwenye mchanga huu?" Twende pole pole, tutafika.

Wengi wetu tulikuja Kiwayu kwa kazi. Mwalimu aliletwa na barua ya uhamisho, muuguzi vile vile, afisa vile vile, na mimi nikaletwa na wito. Tulishuka kwenye boti, tukaona mchanga, mbuzi, punda na bahari, tukajiambia: hapa hata mchicha hauoti. Basi tukaanza kuhesabu siku za kurudi bara. Mboga tukangoja zije kutoka Lamu, na zikifika zimechoka kuliko abiria.

Wayahudi waliopelekwa Babeli nao walikuwa wakihesabu siku. Tena kulikuwa na nabii wa uongo aliyewaahidi kwamba miaka miwili itatosha. Lakini barua ya Yeremia haikuwaambia wafunge mizigo. Iliwaambia wajenge, walime bustani, wale walichopanda, na wauombee heri mji wa watu wengine, kwa sababu heri yao wenyewe ilikuwa imefungwa humo. Msininukuu vibaya: Kiwayu si Babeli. Wenyeji wetu Wabajuni hawakututeka, walitupokea. Lakini neno ni lile lile. Mahali ulipo, panda. Hata kama uhamisho wako utatoka mwaka ujao, panda!

Basi nilipanda. Nilizungushia ua wa nyavu kuukuu kuzuia mbuzi. Nikachanganya mchanga na samadi na majani yaliyooza, nikatumia ndoo zilizotoboka na madumu yaliyokatwa, nikaweka kivuli cha makuti. Mchicha ukatoka. Kwa wiki nne hivi nikachuma. Kisha sukuma wiki, bamia, nyanya, pilipili. Mke wangu akasema, "Na maua je?" Nikamjibu maua hayaliwi. Akanifungulia Mwanzo 2:9. Mungu alipootesha miti Edeni, Biblia inataja kwanza kwamba ilipendeza macho, halafu ndiyo inataja chakula. Nikanyamaza. Tukapanda asumini na mrehani kando ya ua.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo nilipoanguka.

Mnajua nilisomea biashara. Bustani ilipochangamka, nilinunua daftari. Fungu la mchicha, bei. Bamia, bei. Hata mrehani niliuandikia bei. Siku moja mama mmoja jirani yetu, mtu mzima, akabisha hodi. Nyumbani kwao kulikuwa na harusi na walitaka kufunga vikuba. Akasema, "Mwanangu, nipe mrehani kidogo." Nikamwambia, "Mama, fungu ni shilingi ishirini." Hakubisha. Alifungua pindo la leso, akahesabu sarafu, akashukuru, akaenda. Mimi nikaandika ishirini kwenye daftari na nikajiona mwerevu.

Ukaja ule ukame. Mnaukumbuka. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya Kenya. Jabia zikashuka mpaka tope. Maji ya kunywa yalikuwa shida, nani angemwagia mchicha? Niliona bustani yangu ikikunja majani, na nilishakubali imekufa.

Jioni moja mtoto akaja na dumu la lita tano. "Bibi amesema haya ni maji ya kukoshea vyombo, yasimwagwe, utie mboga." Nikauliza, bibi yupi? Yule yule wa shilingi ishirini. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. Siku ya nne nikaenda mwenyewe kumshukuru, nikiwa na aibu, na nikamuuliza kwa nini. Akacheka. Akasema, "Asubuhi nikitoka uani, harufu ya mrehani wako naipata mimi. Ukikauka, na mimi nimekosa."

Wapendwa, mahubiri yote niliyowahi kuhubiri juu ya jirani, mama yule aliyahubiri kwa dumu moja la maji machafu.

Kiswahili chetu kina mambo. Ua la kunusa, na ua wa kuzuia mbuzi, jina ni moja. Lakini ua halijui ua! Asumini ikifunguka jioni haiulizi nani ameshika daftari. Mimi niliuza fungu, lakini Mungu alikuwa ameshagawa harufu bure, kila asubuhi, juu ya ua wangu. Nilidhani bustani ni yangu, kumbe mtaa mzima ulikuwa ukiila kwa pua.

Nawaachia mambo matatu.

La kwanza: kinachochumwa ndicho kinachozaa. Aliyewahi kupanda bamia anajua. Usipochuma, inakomaa, inakuwa kama kijiti, na mmea unapunguza kuzaa. Mrehani ukikata ncha, unatoa matawi mawili pale ulipokata moja. Ukiuacha, unatoa mbegu na kuwa mgumu. Mimi wa hesabu nakwambia, hii hesabu haikufundishwa darasani kwetu. Kuna vitu ukivishika sana vinakauka mkononi mwako. Na si mboga tu. Muda wako, ujuzi wako, hata tabasamu lako.

La pili: bustani isiyo na mlango kwa mwingine ni hatari. Soma 1 Wafalme 21. Ahabu alikuwa na ikulu, bado akalitaka shamba la mizabibu la Nabothi ili alifanye bustani ya mboga. Mboga, wapendwa! Mtu akapigwa mawe mpaka kufa. Sasa linganisha na Walawi 19, ambapo Mungu anamwambia mkulima aache pembe za shamba lake bila kuvuna, kwa ajili ya maskini na mgeni. Ahabu anataka pembe ya jirani, sheria ya Mungu inasema uache pembe yako. Kila mmoja wetu anasimama upande mmojawapo. Mimi na daftari langu nilikuwa nimeanza kusogea upande wa Ahabu, taratibu, kwa shilingi ishirini.

Sisemi kuuza ni dhambi. Uza! Watoto wanahitaji karo. Lakini pembe ya shamba isiingie kwenye daftari.

La tatu, na hapa naomba tusikasirikiane. Ukimpelekea jirani mchicha, mpelekee mchicha. Usifiche kipeperushi ndani ya fungu. Wengi wa majirani zetu ni Waislamu, na wanajua kabisa sisi ni nani. Jumapili wanatusikia, vipaza sauti vyetu vinatosha. Ndoano yenye chambo ni ya samaki. Jirani si samaki. Yesu aliwalisha wanaume elfu tano, na katika Yohana 6 wengi walimwacha muda mfupi baadaye. Hakuwadai mikate yake. Akiuliza habari za tumaini lako, mjibu kwa upole, uko tayari. Asipouliza, bado mboga ni mboga, na upendo ni upendo.

Mtu atasema, "Mchungaji, mimi nina chumba kimoja, sina shamba." Baada ya ghasia za 2008, kule Kibera watu walijaza udongo kwenye magunia, wakatoboa pembeni, wakapanda sukuma wiki mlangoni. Kama gunia liliweza Kibera, dumu lako litaweza Kiwayu.

Isaya 58 inatuahidi kuwa kama bustani iliyonyweshwa maji, na tunaipenda sana ahadi hiyo. Lakini soma mstari unaotangulia: inaanza na kumfungulia moyo mwenye njaa. Tunataka maji, tunaruka mstari wa kumi. Mungu alininywesha kwa mkono wa mama ambaye nilimtoza.

Mnataka kujua ile ishirini iliishia wapi? Nilimrudishia, akakataa. Basi nilimpelekea miche sita ya mrehani, akaipanda uani kwake. Siku hizi upepo wa kusi ukivuma, mimi ndiye ninayepata harufu yake.

Kazi ya wiki: panda kitu kimoja cha kula na kimoja cha kunusa. Kikiota, fungu la kwanza livuke ua. Vikundi vya majumbani vitaleta ushuhuda.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa kuandika bei pale ulipogawa bure. Bariki mikono ya majirani zetu, ujaze jabia zao na zetu. Tufanye bustani yako, na harufu yake ivuke kila ua. Katika jina la Yesu. Amina.