Mtoto Anayesomea Vitabu vya Waingereza



Mtoto akienda Chuo Kikuu kusomea udaktari, wazee wake wajua atarudi na nini. Akisomea sharia au uhandisi, vile vile. Lakini yule aliyehitimu chuo cha Kurani na skuli, kisha akachagua fasihi na utamaduni wa Waingereza, huwatia wazee wake katika fazaa. Ada yalipwa, miaka yapita, na anachosoma ni hadithi za watu waliotutawala, ambazo hazikosi ulevi wala mambo yasiyosomeka mbele ya mama. Ni elimu gani hii? Na je, mzazi wa Kiislamu aitolee radhi yake?

Swali hili lataka kuzingatiwa, na mara nyingi halipewi nafasi hiyo. Mmoja husema, vitabu vya makafiri hivyo, na aviache. Mwengine husema, soma mwanangu, huko ndiko kuendelea. Wote wawili wamekwisha kuhukumu, na hapana aliyefungua hata kitabu kimoja katika hivyo.

Kuhukumu kwa namna hii kuna kisa chake mashuhuri. Mwaka 1835 Thomas Babington Macaulay, mkubwa mmoja katika serikali ya Kiingereza huko Bara Hindi, aliandika waraka kutaka fedha za elimu zitumiwe kusomesha Kiingereza, si Kiarabu wala Kisanskriti. Alidai kwamba rafu moja tu ya maktaba nzuri ya Ulaya yashinda vitabu vyote vya Bara Hindi na Arabuni. Na katika waraka huo huo alikiri kwamba yeye hajui Kiarabu wala Kisanskriti! Alichotaka ni tabaka la Wahindi ambao damu ni yao, lakini fikra na ladha ni za Kiingereza. Hata somo lenyewe la fasihi ya Kiingereza lilisomeshwa Bara Hindi miaka mingi kabla ya Oxford kuanzisha skuli yake ya somo hilo mwaka 1894. Kwa hivyo khofu ya mzazi si ya bure. Somo hili, katika asili yake, lilikusudiwa kugeuza watu.

Walakini, tukisema kwamba vitabu vyao vyote ni upuzi nasi hatujavisoma, twatofautianaje na Macaulay? Dini yetu yatutaka uadilifu hata kwa tusiowapenda, na hapana kadhi anayehukumu kwa haki kabla ya kusikiliza.

Chukua kitabu ambacho huenda nawe ulikisoma kwa ufupi ulipokuwa skuli: Robinson Crusoe, cha Daniel Defoe, kilichotoka mwaka 1719. Wengi wetu twakumbuka kisiwa, na mtu peke yake, na alama ya unyayo mchangani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu hukisoma kizima. Humo hukuta kwamba Crusoe, kabla ya kisiwa hicho, alitekwa na mabaharia wa Kiislamu wa Sala, Moroko, akafanywa mtumwa. Alitoroka kwa mashua pamoja na kijana wa Kiislamu aitwaye Xury, ambaye alimwapia uaminifu na akautimiza katika khatari za bahari na za wanyama wakali. Walipookolewa na meli ya Kireno, Crusoe, ambaye ameuonja utumwa kwa mwili wake mwenyewe, alimwuza Xury kwa nahodha kwa vipande 60 vya fedha, kwa ahadi kwamba ataachwa huru baada ya miaka kumi iwapo ataingia Ukristo. Baadaye, huko Brazil, alijuta. Lakini alijuta kwa sababu shamba lake lilikosa mikono ya kulilima! Na safari iliyomtupa kisiwani ilikuwa ya kwenda kutafuta watumwa Afrika.

Anayesoma kama mwombaji, akidhani kila lililoandikwa na Mwingereza ni johari, atampita Xury asimwone. Anayesoma kwa jicho lake mwenyewe atasimama hapo na kuuliza: moyo wa mtu huyu ulifanyaje ukasahau upesi hivyo? Na tusiwacheke Waingereza mapema, kwani soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi hadi mwaka 1873, na minazi na mikarafuu ya pwani hii haikupandwa na wenyewe. Waliosahau ni wengi. Kwa maoni yangu, kijana atakayerudi nyumbani na swali hilo hakupoteza ada ya mtu.

Mwaka 1968, Nairobi, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ya chuo chao iondolewe. Hawakusema Waingereza wasisomwe. Walitaka Afrika iwe katikati, na wengine wasomwe kutoka hapo. Nadhani hata mzee asiyejua neno la Kiingereza aifahamu hoja hiyo, kwani mgeni hukaribishwa na mwenye nyumba, naye lazima awe na nyumba.

Na hapa ndipo penye uzito. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyekufa mwaka 1840, yalikuwa yakipotea pamoja na wazee walioyahifadhi. W. E. Taylor, padri aliyeletwa Mombasa na misheni, alikaa na Mwalimu Sikujua, mtu wa mji, na mashairi mengi yakaandikwa. Diwani ilichapwa Afrika Kusini mwaka 1940, na karatasi zao ziko London hadi leo. Twaweza kumlaumu padri kwa alilokuja kulitaka, lakini hatuwezi kukanusha kwamba alikaa kitako akajifunza maneno ya watu wasio wake, wakati ambapo wengi wa wenyewe hawakujishughulisha.

Basi radhi na itolewe, ila mzazi asikomee hapo. Mtoto akirudi likizo, usimwulize kazi tu. Mwulize khabari za Xury, na umsikilize mpaka mwisho. Kisha mtolee ule utenzi wa Mwana Kupona uliomo sandukuni kwa bibi yake, ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, na umwambie awasomee watu wa nyumbani baada ya Isha. Akishindwa kuusoma, usiende kukilaumu Chuo Kikuu. Kaa naye umsomeshe, na kama nawe huwezi, bibi yake bado yupo.