Uma Mpya wa Baiskeli Kuukuu

Jahazi likitiwa ubao mpya, hapana mwana wa pwani asemaye kuwa jahazi limekufa. Ubao uliooza hung'olewa, mwingine huchongwa, nafasi hutiwa kalafati, na chombo hurudi majini kwa jina lake lile lile. Lakini mbao zote zikisha kubadilishwa moja baada ya moja, je, kielea hicho ndicho kile alichokiunda fundi wa kwanza? Plutarch ameeleza kuwa Waathene waliitunza merikebu ya Theseus kwa namna hiyo, hata wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakinena ni ile ile, na wale wakinena siyo.

Swali hilo halihitaji bahari ili liulizwe. Laweza kuulizwa mbali na pwani, kusini-magharibi mwa Tanzania, katika njia itokayo Mbinga na kuteremka hadi Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Juu iko nchi ya Wamatengo, ya mashamba ya ngoro na mibuni, yenye vilele vikaribiavyo mita 2,000. Chini liko ziwa, ambalo uso wake haufiki mita 500 juu ya bahari. Baina ya hizo mbili ni kilomita zipatazo 66, na sehemu kubwa ni mteremko na kona. Tangu mwaka 2012 ufuko huo una wilaya yake, Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga. Lakini milima haikumegwa, na kahawa ingali juu na dagaa wangali chini. Kabla ya pikipiki kuenea, mtu aliyetaka kuviunganisha viwili hivyo alitembea kwa miguu, alipanda gari lilipopatikana, au alikuwa na baiskeli.

Na baiskeli ya heshima ilikuwa Raleigh: nyeusi, nzito, magurudumu ya inchi 28, breki za fito za chuma badala ya waya. Iliundwa Nottingham, Uingereza, na haiundwi tena huko, kwani kazi ya kiwanda kile ilikoma mwaka 2002. Kwa hiyo kila Raleigh ya aina ile iliyobaki duniani ni sawa na mzee ambaye kizazi chake kimepungua na hakuna mwingine wa rika lake atakayezaliwa.

Na ichukuliwe, kwa mfano, hali ya kijana aliyeachiwa baiskeli ya namna hiyo na babu yake aliyeinunua kwa fedha za kahawa. Anaipeleka kwa fundi baiskeli. Fundi, mtu mzima, anafungua usukani, anatoa golori, anachomoa uma wa mbele, yaani ile panda ya chuma yenye miguu miwili ishikayo gurudumu, na anaufuta grisi kwa kitambaa. Pale shina la uma linapoungana na mabega yake, mahali ambapo fremu ilipaficha siku zote, pana ufa mwembamba kama unywele.

"Mjukuu wangu," anasema fundi, "baiskeli ya babu yako ni nzima. Uma wake ndio uliokufa."

"Hauwezi kuchomelewa, babu?"

Katika swali hilo dogo imo hoja yote. Kijana hataki uma mwingine. Anautaka ule ule ambao mikono ya babu yake iliuelekeza. Wala si haki kumcheka. Mwenye kurithi kitu hurithi na hofu ya kuwa yeye ndiye atakayekipoteza.

Njia zilizo mbele yake ni tatu. Ya kwanza ni hiyo ya kuchomelea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika nyumba walisema kweli. Lakini ukuta husimama mahali pamoja na hutoa ishara kabla ya kuanguka. Shina la uma hupigwa na kila jiwe la njiani, na kila breki ya mbele ikishikwa hulikunja kidogo. Chuma kilichokwisha kuchoka, kikichomelewa, mara nyingi hufa kando ya mahali palipochomelewa, tena ghafula. Fremu ikivunjika, mpandaji huweza kuburura miguu akasimama. Uma ukivunjika kwenye mteremko, uso wake ndio utanguliao kufika chini. Hapa methali iliyo karibu na hali ni nyingine: la kuvunda halina ubani.

Njia ya pili ni kutafuta Raleigh nyingine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine, na kuutwaa uma wake. Njia hii ina mvuto, maana kitu kinabaki katika ukoo wake: chapa ni ile, umbo ni lile, hata rangi yaweza kuwa ile. Lakini uma mkongwe huja na historia ambayo hakuna aliyeiandika. Je, uliwahi kugonga mti? Je, miguu yake iliwahi kurudi nyuma, ikanyoshwa kwa nyundo? Rangi iliyokunjamana chini ya mabega, na gurudumu lisilosimama katikati, ni mashahidi. Ufa wa ndani hausemi. Nasaba njema si dhamana ya uzima.

Njia ya tatu ni uma mpya wa baiskeli za India au za China, zilizofuata umbo la zile za Kiingereza na kulihifadhi lilipokwisha kuachwa kwao. Hapa huzuka jambo ambalo mpenzi wa mashairi atalitambua mara moja. Raleigh walikuwa na nyuzi zao za nati, 26 katika kila inchi moja, ilhali uma wa kawaida wa kipimo hicho una nyuzi 24. Kwa jicho hakuna tofauti. Nati ya zamani itauma nyuzi za uma mpya duru moja au mbili, kisha itakaza. Na fundi mwenye haraka, akiongeza nguvu ya spana, atadhani amefunga, kumbe ameharibu nyuzi za pande zote mbili. Ni sawa na kutia neno la mizani tisa katika kipande cha mizani nane na kumtaka mwimbaji alimeze. Neno lile laweza kuwa zuri na maana yake ikawa sahihi, lakini ubeti hautaimbika.

Fundi mwema hafanyi hivyo. Kwanza hupima urefu wa shina dhidi ya shingo ya fremu, nafasi ya gurudumu, na mahali pa kushikia breki za fito. Kisha huutia uma mpya pamoja na nati zake, vikombe vyake na golori zake, maadamu vikombe hivyo vinakaa barabara katika shingo. Kitu kigeni huja na jamaa zake. Mfasiri wa mashairi anaijua kanuni hiyo: neno la lugha nyingine haliingii peke yake, na akililazimisha likae na majirani wasiopatana nalo, ubeti mzima hulegea.

Bado lipo swali la Waathene: je, hiyo ingali baiskeli ya babu? Jibu moja liko katika ufuko huo huo. Mjini Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo tarehe 13 Agosti 1914, ilipofikiwa na meli ya Waingereza, Guendolen, na kushambuliwa. Baadaye Waingereza waliitwaa, wakaitengeneza, wakaiita King George V. Wengi wa vyuma vyake walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni mwenyewe, jina na kazi. Na hapana Mjerumani aliyeiona ikipita ambaye angesema kuwa meli yake ingali hai. Basi ikiwa chuma kile kile hakikutosha kuihifadhi meli ile, haidhuru sana kwamba chuma kipya kimeingia katika baiskeli. Kitu cha urithi huendelea kuwa chenyewe kwa kazi yake na kwa watu wake: kwa kuwa mtoto wa ukoo ule anateremka nacho kwenda kule kule ziwani na kurudi na samaki.

Lakini hoja hii ina mtego. Ikiwa kazi ndiyo kitu chenyewe, mwenye baiskeli aweza kujiona hana haja ya kumwambia mtu yeyote juu ya uma. Leo akiiuza kwa mkusanyaji wa vitu vya kale na kusema yote ni ya asili, atakuwa amegeuza matengenezo kuwa uongo. Kubadilisha kipande si khiyana. Khiyana ni kuficha kiungo. Fundi wa jahazi hapaki ubao mpya matope ili uonekane mzee. Na mwandishi wa zamani aliyenakili utenzi, akakuta neno limeliwa na mchwa, alikuwa na haki ya kutia neno lake. Hakuwa na haki ya kuapa kuwa ni la mtunzi.

Na liko jambo moja zaidi, ambalo huenda ndilo kubwa kuliko yote. Baiskeli ya babu ina karia nyuma, na juu ya karia hukaa mtoto au mke au mgonjwa apelekwaye hospitali. Huyo aliyekaa nyuma hakuirithi Raleigh. Hana kumbukumbu ya fedha za kahawa, wala haoni uma kutoka pale alipo; anaona mgongo wa mpandaji tu, naye ameuamini. Kijana akishikilia uma wenye ufa kwa mapenzi ya babu yake, mapenzi ni yake, na hatari anaigawa na mtu asiyeulizwa. Heshima kwa waliotangulia ikilipwa kwa shingo ya mwingine, haiwi heshima tena.

Basi uma mpya na uingie, na nyuzi zake 24 zionekane kwa atakayefungua. Ule wa zamani una mahali pake ukutani, juu ya mlango, na ufa wake ukitazama nje, ili mtoto wa karia, atakapokuwa mkubwa na kuuliza, aonyeshwe kwa kidole mahali ambapo chuma cha babu kiliishia.