Kimya cha Maiti: Je, Ni Idhini?

Miongoni mwa mas-ala mapya yafaayo kuzingatiwa ni sheria ihesabuyo kuwa kila mtu mzima ameridhia viungo vyake vitolewe baada ya kufa ili atiwe mgonjwa, illa aliyetangulia kusema kuwa hataki. Wales ilianza kuifuata mwaka 2015, Uingereza 2020, na Scotland 2021.

Kusudio lake ni jema. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa hushikwa na mashine, na kuokoa nafsi moja ni jambo tukufu katika dini yetu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, ilijuzisha kiungo cha maiti apewe aliye hai, kwa sharti maiti awe ameidhinisha kabla ya kufa, au warithi wake waridhie. Na asiyejulikana wala kuwa na warithi, aridhie mwenye mamlaka. Basi shaka haiko katika kutoa. Shaka iko katika idhini.

Wako wasemao kwamba kunyamaza ni kukubali. Sisi twasema: ni kweli, lakini kwa aliyeulizwa. Katika ndoa, walii humuuliza mwanamwali, naye akinyamaza kwa haya, kimya chake huhesabiwa ni idhini. Lau hakuulizwa, kimya hicho hakina maana yoyote. Vivyo hivyo fukara ambaye tangazo la serikali halikumfikia: kimya chake ni kutojua, si kuridhia.

Watajibu: Je, tuwaache wagonjwa wafe kwa kungoja neno la maiti? Hoja hii ni nzito, nasi hatuidharau. Lakini natutazame sheria hiyo imeleta nini. Hispania inayo tangu mwaka 1979, na baada ya miaka 10 watoaji walikuwa 14 tu kwa kila watu milioni 1. Mwaka 1989 wakaunda idara ya taifa, wakaweka hospitalini madaktari waliofunzwa kusema na wafiwa kwa upole. Hesabu ikapanda hata ikapita 40. Na hadi leo jamaa huulizwa, na wakikataa maiti haguswi. Dr. Rafael Matesanz, aliyeiasisi idara hiyo, alisema waziwazi kuwa si sheria iliyoleta mafanikio hayo. Marekani nayo, ambako kimya hakihesabiwi kuwa idhini, ilipita 40 mwaka 2021. Wales ridhaa za jamaa ziliongezeka baada ya sheria. Uingereza zimepungua, japokuwa maradhi ya korona yaliingia wakati ule ule. Ama Brazil, iliipitisha mwaka 1997; watu wakaingiwa na hofu, wengi wakakimbilia kuandikisha kukataa, na mwaka 1998 ikafutwa.

Tumetazama pia Singapore. Sheria yao ya mwaka 1987 iliwatoa Waislamu: Mwislamu hakutolewa kitu mpaka aseme mwenyewe. Mwaka 2007 wanavyuoni wao wakatoa fatwa ya kujuzisha, na mwaka 2008 ndipo Waislamu wakaingizwa, na mlango wa kukataa ukabaki wazi. Huo ndio utaratibu: kwanza elimu, kisha sheria.

Yatudhihirikia kuwa chenye kuzaa viungo ni uaminifu baina ya raia na tabibu. Sheria ikiukuta uaminifu huo husaidia. Isipoukuta huuvunja hata ule mchache uliokuwapo, na mgonjwa ndiye akosaye. Tena kitu kilichochukuliwa kwa kimya hakiwi sadaka, kwani sadaka yataka nia.

Kwetu Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka idhini. Kwa hivyo, ndugu zetu, neno hili lisemwe majumbani kama isemwavyo wasia. Mwenye kuridhia na aandike, na mwenye kukataa na aseme wazi, wala asimwachie mwanawe kukisia mbele ya jeneza.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.