Mwanangu, Usifute Logi kwa Mkono

Keti kidogo, mwanangu. Najua umepewa muda mfupi, na najua mkuu wa idara anakupigia simu kila saa akitaka kujua masanduku ya barua pepe yamefika wapi. Microsoft iliacha kuzihudumia Exchange 2016 na 2019 tarehe 14 Oktoba 2025, na waliochelewa kuhama sasa wana haraka. Haraka hiyo ndiyo inayonitia hofu. Haya nimekwisha kuwaambia vijana wengi kabla yako, na nimechoka kuyarudia, lakini nitayarudia.

Unapohamisha sanduku la mtumishi kwenda hifadhidata mpya, kila kipande cha barua huandikwa kwanza kwenye logi ya seva inayopokea, ndipo kiingie kwenye hifadhidata yenyewe. Tangu Exchange 2007, faili moja la logi ni megabaiti 1. Sasa piga hesabu. Masanduku 500 yenye wastani wa gigabaiti 2 ni gigabaiti 1,000, yaani mafaili ya logi karibu milioni moja. Hifadhidata hiyo ikiwa na nakala kwenye seva tatu, kila faili litapelekwa kwenye kila nakala, na kila seva itadai nafasi hiyo hiyo kwenye diski yake. Vijana wengi hupima ukubwa wa hifadhidata mpya, wakaridhika, wakaanza kazi.

Logi haziondoki zenyewe. Huondoka bekapu inapokamilika, na hata hapo Exchange haiziondoi mpaka nakala nyingine ziwe zimezipokea na kuzikagua. Hapa nakuomba utulie unisikilize vizuri. Mtu akisimamisha nakala moja Alhamisi kwa ajili ya matengenezo, akasahau kuirejesha, logi zitarundikana hata kwenye seva ambazo hazina tatizo lolote. Asubuhi utaona ripoti ya bekapu inasema imefanikiwa, na huku diski inazidi kujaa. Usihangaike na programu ya bekapu. Andika Get-MailboxDatabaseCopyStatus, usome nakala moja baada ya nyingine: ipi imesimamishwa, foleni ya kunakili ina logi ngapi, foleni ya kuziingiza kwenye hifadhidata ina ngapi. Na kama ofisi yako ina nakala iliyocheleweshwa kwa makusudi, kumbuka inaweza kuwekwa nyuma hadi siku 14, na muda wote huo inashikilia logi zake. Nayo ipigie hesabu ya diski.

Sasa nikueleze saa mbaya inavyokuwa. Ni saa nane usiku, diski ya logi imejaa, hifadhidata imejifunga, na walio zamu ya usiku hawapati barua. Kijana anafungua folda, anakuta majina yanayoanza na E00 yamepangana kwa maelfu. Anachagua yenye tarehe za zamani, anafuta, na nafasi inapatikana. Mwanangu, usifanye hivyo kamwe. Tarehe ya faili haikuambii kama yaliyomo yamekwisha kuingia kwenye hifadhidata, wala kama nakala ya seva ya pili imelipokea. Ukifuta ambalo halijapokelewa, nakala ile itabidi ijengwe upya tangu mwanzo, terabaiti nzima kupitia mtandao. Ukifuta linalohitajika na hifadhidata haikufungwa salama, haitafunguka, na mtakimbilia eseutil kuikarabati, nayo hutupa kisichosomeka. Kinachotupwa ni barua za watu: uhamisho wa mwalimu, majibu ya zabuni, makubaliano ambayo hayakuandikwa kwingine popote.

Kwa hiyo hamisha kwa mafungu. Fungu likimalizika, subiri foleni zishuke, chukua bekapu, hakikisha logi zimeondoka kweli kwenye diski, ndipo uanze jingine. Mwenye nakala tatu au zaidi zilizo nzima anaweza kuwasha logi za mzunguko wakati wa uhamisho, zikawa zinaondolewa bila kungoja bekapu. Sikukatazi, ila elewa unachokitoa: katika kipindi hicho ukirejesha bekapu, utarudi mpaka pale ilipochukuliwa tu. Kazi ikiisha zima, na usiku huo huo chukua bekapu kamili. Wala usitegemee upande wa zamani utapungua mara moja, maana masanduku yaliyohamishwa hubaki huko siku 30 kabla hayajafutwa kabisa, kama hakuna aliyebadilisha mpangilio.

Leo jioni, kabla ya fungu la kwanza, niletee karatasi inayoonyesha jumla ya gigabaiti za masanduku ya fungu hilo, nafasi iliyobaki kwenye diski ya logi ya kila seva, hali ya kila nakala, na saa ilipomalizika bekapu ya mwisho. Nikishaisoma tutaanza pamoja. Mkuu wa idara akiuliza kwa nini tumechelewa, mlete kwangu.